Nani kakuudhi, mwalimu?

Tangu Jumatatu nina sentensi moja kichwani inayokataa kushuka. Nimepika nayo, nimesahihisha nayo, nimelala nayo.

Mnalijua genge la mboga la yule bibi wa Barabara ya 13, niliyewaambia ana mizani lakini haigusi. Nilitoka shule saa kumi, jua la Tanga limeshanimaliza, nikasimama mbele yake nikasema, "Nipe fungu moja la nyanya." Hakunyanyua nyanya. Alinitazama kama anayemtazama mtoto mwenye homa, akauliza taratibu:

"Nani kakuudhi, mwalimu?"

Nikasema, "Hapana, niko sawa." Akafunga nyanya, akaongeza moja juu ya fungu. Mpaka leo sijui ile ilikuwa nyongeza au pole.

Kinachoniuma ni kwamba nilijiona nimeshakuwa mwenyeji. Miezi miwili na nusu tangu nivuke mpaka wa Horohoro kutoka Kenya na begi langu na ile sufuria ya Mama, na stima nimeshaiita umeme, githeri makande, ndengu choroko, waru viazi. Maneno nilibadilisha yote. Kumbe "nipe", ambalo liko pande zote mbili za mpaka, ndilo lililonichongea; huku watu husema "naomba". Nakuru unamwambia mama yako mzazi "nipe chai" na anakupa, tena na andazi.

Nimejitetea sana, kitandani. Nikasema, mbona hata Mungu tunamwambia "utupe leo riziki yetu"? Nikafurahi dakika nzima. Kisha ualimu ukaniamkia: hiyo ni "utupe", si "tupe". Hata Baba wa mbinguni hatumwamrishi. Nikarudi gengeni kwa mawazo, nikajaribu majibu mengine. Samahani bibi, ni uchovu. Samahani bibi, kwetu ndivyo tusemavyo. Na shikamoo! Shikamoo nimeikumbuka Jumanne naoga. Yaani nilimkaribia mtu mzima kwa amri, bila hata salamu.

Kibali cha ukaazi kimetoka, asanteni mliokuwa mkiniombea, na kaka hatimaye amepeleka mahari, mbuzi wote wamefika salama. Mwenzangu wa Jiografia nilipomsimulia habari ya nyanya alicheka hadi chai ikampalia. Hakunisaidia.

Alhamisi usiku nilikuwa na madaftari 46 ya Kidato cha Kwanza. Niliwapa kazi ya kuandika sentensi tano za Kiingereza za kumwomba mtu kitu. Hawa watoto wamesoma masomo kwa Kiswahili mpaka darasa la saba, isipokuwa Kiingereza chenyewe, na tangu Januari wanatakiwa waielewe hata Baiolojia kwa Kiingereza. Nawahurumia, hasa nikikumbuka sisi tulivyovishwa kibao cha adhabu shingoni Kiswahili kikituponyoka shuleni. Sasa, binti mmoja wa dawati la nyuma kaandika: "Teacher, I beg one pen." Nikaizungushia "beg" wino mwekundu, pembeni nikaandika: "Please give me."

Nikasoma nilichokiandika. Nimeichukua "naomba" ya mtoto wa watu, nikaigeuza "nipe".

Kiingereza changu ni sahihi, sikifuti. Lakini nilicheka peke yangu mpaka jirani wa redio akapunguza sauti asikilize kuna nini. Nikampa binti nusu alama, jambo ambalo kule nilikotoka ningeitwa ofisini. Usiku huo nikalala vizuri, mara ya kwanza wiki hii.

Jana nikaenda gengeni nimejipanga. Njia nzima baiskeli zinanipita, mimi nanong'ona: shikamoo bibi, naomba nyanya, shikamoo bibi, naomba nyanya. Kufika, bibi kaenda Pangani harusini. Yupo mjukuu wake, miaka tisa hivi, anatafuna muwa. Shikamoo ilishanifika mdomoni, ikabidi niimeze. Nikasema kwa upole wote niliokuja nao, "Naomba nyanya."

Akajibu bila hata kunitazama: "Nikupe za ngapi?"

Nyongeza hakunipa.

Lile doa la darini, juu ya kitanda, mwezi uliopita lilikuwa sahani, sasa ni sinia. Masika yanakuja, mawingu yanalala baharini kila jioni, na mwenye nyumba yuko Lushoto msibani, hapokei simu. Leo nimesogeza kitanda hadi mlangoni. Sasa mlango unafunguka nusu tu.