Kuvu ya boriti na mwani wa birika

Nyumbani kwetu Lamu kuna birika la kale ambamo marehemu bibi alifuga visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu. Kaskazi iliyopita maji yake yaligeuka kijani, na kila nilipoteka, utando ulinata ukingoni mwa kata kama rangi ya mlango. Juu yake boriti ya mkoko ilikuwa imeota kuvu nyeupe, na fundi akanihimiza niiondoe upesi. Nilisita, kwa kuwa nilikwisha kusoma kwamba adui wa boriti aweza kumla adui wa maji.

Baadhi ya kuvu zinazoozesha mbao hutoa vimeng'enya vya kuvunja lignini, ile sehemu ngumu ya mti. Watafiti wa China waliiweka mojawapo, Trichaptum abietinum, pamoja na Microcystis aeruginosa, ambayo kwa hakika ni bakteria ingawa sote twaiita mwani. Nyuzi za kuvu zikazizingira seli, zikazifunika kwa ute, na katika muda wa saa 48 seli zikatoweka. Zipo pia kuvu ndogo mno, kitridi, ambazo mbegu zake huogelea kwa mkia mmoja hadi kwenye seli, zikachomeka vijizizi na kuinyonya.

Kuua mwani, hata hivyo, ndiyo kazi nyepesi, kwani salfeti ya shaba huuua pia. Ugumu umo katika mikrosistini, sumu ya ini ambayo Microcystis huihifadhi ndani ya seli: seli ikipasuka, sumu humwagika majini, na kuyachemsha maji hayo hakuiondoi. Shirika la Afya Duniani limependekeza isizidi mikrogramu 1 kwa lita ya maji ya kunywa. Kinachonivutia ni kwamba kuvu kama Mucor hiemalis, katika maabara, imeifyonza sumu yenyewe na kuivunja.

Hata hivyo nisingekubali kuvu imwagwe baharini. Mapema mwaka 2002 samaki wengi walikufa kutoka Somalia hadi Kiunga, kaskazini mwa pwani ya Kenya, na lawama ikauangukia mwani wenye sumu. Lakini mwani wa bahari ni wa jamii nyingine, na bahari haina kuta. Mahali pa kuvu, kwa maoni yangu, ni tangi na chujio.

Boriti nimeikata. Kipande chake kilikaa wiki mbili katika chupa ya yale maji, dirishani. Kimeota ukungu mweusi, na maji yangali kijani.