Maji mekundu yakiingia Tampa Bay: uvue wapi, na lini uache

Kila ikifika mwezi wa nane hivi napata swali lilelile kutoka kwa watu wanaotaka kuja kuvua huku Florida upande wa ghuba, vipi, maji mekundu yameingia? Tuje au tusije? Jibu la mkato hamna, kwa sababu maji mekundu, yaani mwani wa sumu unaoua samaki, hayafuniki pwani nzima kwa mara moja, yanakaa vipande vipande na yanahama. Leo ufukwe mmoja umejaa mizoga hadi huwezi kushusha kioo cha gari, afu unaendesha dakika ishirini kuelekea kusini unakuta maji safi, ndege aina ya mwari wanapiga mbizi, watu wanavuta samaki kama kawaida. Kwa hiyo swali la maana ni yako wapi saa hizi, upepo unavuma kutoka wapi, na samaki wamekimbilia wapi.

Chanzo chake ni kijimwani cha seli moja kinaitwa Karenia brevis, hukioni kwa macho, na kipo ghuba ya Meksiko siku zote kwa idadi ndogo. Kinaanza kuzaliana huko nje, kilomita 16 hadi 64 kutoka pwani, afu mikondo na upepo ndo inakisogeza huku tuliko. Kinatoa sumu inayoshika mishipa ya fahamu, samaki anaanza kuzunguka hovyo, anageuka ubavu, anashindwa hata kuendesha mashavu yake apumue. Na usingoje maji yawe mekundu kweli, mara nyingi ni ya kahawia tu, na mara nyingine rangi haijabadilika kabisa na samaki wanakufa.

Ndo maana mi kabla sijafunga boti nyuma ya gari naangalia kwanza ramani ya FWC, tume ya samaki na wanyamapori ya Florida, wanachota maji sehemu kibao na kuhesabu seli kwa lita. Chini ya 1,000 ni hali ya kawaida. Ikifika 5,000 wanafunga uvunaji wa chaza. Kati ya 10,000 na 100,000 wao wanaita kiwango cha chini lakini hapo samaki wanaweza kuanza kufa na watu wanakohoa, kuanzia 100,000 kwenda juu tegemea mizoga, na ikivuka milioni mi boti inabaki nyumbani. Ila kumbuka ile namba ni ya siku maji yalipochotwa, na siku tatu za upepo wa bahari zinatosha kubadilisha kila kitu, kwa hiyo ramani na upepo visomwe pamoja.

Upepo ukitoka magharibi, yaani baharini, unasukuma uchafu wote ufukweni na mawimbi yakivunjika yanapasua vile vijimwani na sumu inapanda hewani, hapo hata ukisimama tu kwenye gati la kuvulia la Skyway bila kutupa mshipi utasikia koo linawasha, unakohoa kikavu, macho yanatoa machozi. Upepo ukigeuka ukatoka mashariki, wa bara, pwani inapumua, na unaweza kuvua kutwa bila kukohoa hata kama kilomita chache nje maji bado ni mabaya. Mwenye pumu asijaribu kabisa, wala usimpeleke mtoto eti atazoea. Hazoeleki.

Sasa samaki wanakwenda wapi. Hiki kijimwani hakipendi maji yenye chumvi kidogo, ikishuka chini ya sehemu 24 hivi kwa elfu kinadhoofika, na kwenye maji yasiyo na chumvi hakiishi kabisa. Na kwa bahati msimu wa mvua huku unaangukia hukohuko mwezi wa nane na wa tisa, mito inamwaga, kwa hiyo samaki aina ya snuku wanaojiweza wanapanda mito, Manatee River, Little Manatee, Alafia, unawakuta chini ya mikoko na kwenye nguzo za magati ya watu kwenye maji ya rangi ya chai. Ukipata siku ambayo ufukweni kunanuka, panda mto mpaka uone maji yamebadilika, afu anzia hapo.

Dalili uziangalie kwa mpangilio wake. Wa kwanza kuelea huwa ni wadogo na wanaokaa chini, dagaa wa chambo, hongwe, bunju, mikunga, na baadaye mikizi. Ukiona dagaa waliokufa wametapakaa lakini bado wana mng'ao na macho ni maangavu, ujue jambo limetokea jana au leo asubuhi, geuza boti. Ukiona walioharibika, wameoza na ngozi imetoka, inawezekana wamesukumwa na upepo kutoka mbali na hapo ulipo maji ni mazima.

Na tangi la chambo hai jamani. Hili watu wanalisahau kila mwaka. Umeamka alfajiri umerusha kimia umepata dagaa wazuri, tangi limejaa, unawasha pampu ya kuvuta maji ya nje na kuondoka. Njiani unakatiza kipande cha maji mabaya ambacho hata hukukiona, pampu inakunywa yale maji, na ukifungua kifuniko dagaa waliokuwa wanazunguka duara safi wamekwama juu, midomo wazi, mmoja mmoja anageuka tumbo jeupe. Dakika chache tu. Kwa hiyo ukipita sehemu unayoitilia shaka zima pampu ya nje, zungusha maji yaleyale ya ndani na uongeze hewa, ukifika penye maji safi ndo uwashe tena. Afu pia hao dagaa wenyewe ni kipimo, wakianza kulala ubavu mahali, usitupe mshipi hapo.

Usiku na alfajiri pana hatari nyingine, oksijeni. Vijimwani vikifa na mizoga ikioza, bakteria wanakula oksijeni yote ya chini. Mwaka 2005 hapa nje ya kaunti ya Pinellas samaki na viumbe wa miambani waliokaa chini kabisa walikufa kwa wingi kwa namna hiyo. Ndo sababu unaweza kukuta chewa wamepanda juu wanahema, na hao usiwasogelee na ndoana.

Hapa ndo nataka kusema lililonikaa moyoni. Maji mekundu yakisogea, samaki wazima wanakimbia mbele yake na kubanana kwenye ukingo wa maji safi, na siku hizo uvuvi unakuwa mtamu kupita kiasi, kila ukitupa unapata, picha zinajaa kwenye simu. Watu wanasema ooh hakuna tatizo mbona samaki wapo tele. Hawapo tele, wamebanwa. Wale ndo mbegu iliyobaki ya eneo zima. Yule snuku mkubwa unayemtaka kwenye picha mara nyingi ndo jike la kutaga, ukimuua huyo umeua na watoto wa miaka ijayo.

Tuliyaona 2018. Yale maji yalianza Oktoba 2017 na hayakuisha mpaka mwanzoni mwa 2019, zaidi ya mwaka mzima bila kupumzika. Julai 2018 papa potwe wa karibu mita nane alikutwa amekufa kisiwa cha Sanibel, Agosti gavana akatangaza hali ya dharura kwenye kaunti saba, kasa na nguva wa huku walikufa wengi, waongozaji wa safari za uvuvi wakakaa bila wateja, maduka ya chambo yakafunga. Mwisho wa Agosti hiyo FWC ikatoa amri snuku na redifishi warudishwe majini tu, mwaka uliofuata ikaongeza na sitrauti, na katazo likadumu miaka kadhaa. Wapo waliolalamika, mi niliunga mkono na bado naunga. Kabla hata hatujatulia ikaja 2021, maji machafu kama galoni milioni 215 kutoka kiwanda cha zamani cha mbolea Piney Point yakamwagwa kwenye ghuba yetu ya Tampa, na miezi ya joto ya mwaka huo Pinellas wakazoa zaidi ya tani 1,000 za mizoga.

Ni kweli maji mekundu ni ya asili, yameandikwa tangu karne ya 19, na hata vumbi la Sahara linalovuka bahari limetajwa na watafiti, lile vumbi lina chuma kinacholisha vijimea fulani vinavyotengeneza naitrojeni, na naitrojeni hiyo inalisha Karenia. Na si Florida pekee, ndugu zetu wa Muscat wanaikumbuka 2008 na 2009, mwani wa aina nyingine lakini samaki walikufa na hata mitambo ya kusafisha maji ya bahari ilisimama. Ila yakishafika pwani yanakula kile tunachomwaga sisi, mbolea ya bustani na maji ya choo, na hilo lipo mikononi mwetu.

Kuhusu kula, naulizwa sana. Samaki uliyemvua mzima, mwenye nguvu, mnofu wake unaliwa, sumu inakaa zaidi tumboni, toa matumbo yote, osha vizuri, mnofu tu. Aliyekufa au anayezubaa juu ya maji usimguse. Chaza na kome wa maji mekundu usile kabisa hata ukichemsha saa nzima, moto hauondoi hiyo sumu.

Na ukiamua kuvua siku hizo, tumia ndoana ya duara na mshipi mzito, mvute haraka asichoke, usimtoe majini kwa ajili ya picha, mshike akiwa ndani mpaka apige mkia mwenyewe. Mkipata wawili watatu na wanachelewa kupata nguvu, ondokeni hapo, hayo maji hayana hewa ya kutosha.