Ncha ya joto, wiki ya sita: ndoo ya mchele imeshinda

Mtaro umeonekana, yaani kile kishimo kwenye grafu ncha yangu ya kupima joto inapokatiza juu ya shaba! Alhamisi saa tano usiku, ncha imekatiza sampuli mistari 40 mfululizo, na kwenye yote mtaro umelala pale pale. Nilipiga kelele hadi jirani wa juu akagonga sakafu.

Ncha ni ile ile, waya wa platinamu wa maikromita 5. Fedha ya juu yake aliiondoa kwa asidi sonara mmoja wa Mji wa Kale (asidi hiyo kwangu haiingii ndani). Waya unapashwa moto, ukipita juu ya kitu kinachonyonya joto unapoa na omu (ukinzani wake kwa umeme) zinashuka. Sampuli ni ukingo wa bodi ya saketi niliousugua hadi ukang'aa, shaba ya maikromita 35 iliyobanwa na resini. Sampuli rahisi kuliko hiyo sijui, na imenitesa wiki tano.

Maana mstari wa kwanza huwa mzuri. Wa pili, mtaro umepanuka. Ukifika wa kumi si mtaro tena, ni Bonde la Ufa.

Nikalaumu betri. Nikalaumu lehemu. Nikalifumua daraja la Wheatstone (saketi inayopima mabadiliko madogo ya omu) lote nikalijenga upya kwa rezista za bei mbaya. Wapi! Feni nikaizima kwa kuwa upepo wake ulikuwa ukiyumbisha kipimo. Hebu fikiria, Mombasa, masika, dirisha limefungwa, jasho linadondokea kibodi. Mambo yakazidi kuharibika, na bado sikushtuka.

Kilichonifumbua macho ni kuinua ncha. Ikishuka, omu zilianguka pale inapogusa. Ikipanda, zilibaki chini mpaka niivute juu kupita pale ilipogusia, ndipo ichomoke. Ilikuwa inanata. Maji! Utando usioonekana kwa jicho, unaojikusanya kati ya ncha na sampuli na kupitisha joto pembeni, hata juu ya resini. Kipima unyevu cha chumbani kilisema asilimia 84, na mimi na jasho langu nilikuwa naongezea.

Basi nikachukua ndoo ya mama ya mchele, ile yenye mfuniko wa kubana, nikatoboa tundu la nyaya na kuijaza chembe za silika za sanduku za viatu, nilizozikausha kwenye kikaango. Baada ya saa tatu, asilimia 22. Mtaro ukatulia.

Bado una upana wa maikromita 60 hivi. Hiyo sasa ni hewa, joto huvuka kabla ncha haijagusa. Ndiyo sababu Williams na Wickramasinghe mwaka 1986 waliweza kuchora umbo la uso wa sampuli bila kuugusa, kwa ncha ya themokapo (kipimajoto cha metali mbili zilizounganishwa). Kuiondoa hewa kunataka pampu, na pampu na ndoo ya plastiki hazipatani.

Na nyinyi mnaoicheka HX711, chipu inayonisomea daraja, eti ni ya mizani: mizani nayo ndani si daraja lile lile? Waya wangu una omu 2, digrii moja ni miliomu 8 tu, na inaziona. Inayostahili kuchekwa ni ile sahani ya buza inayosogeza sampuli kwa kujikunja ikipata umeme. Inatambaa kama konokono hata usipoigusa.

Wiki hii nilipanga kulinganisha omu na digrii halisi. Sifanyi. Nimeokota kombe ufuoni Nyali, nimelikata, nusu nimeshaisugua. Nataka kuona kama mistari yake ya kukua inapitisha joto tofauti. Ila niharakishe, mama anaitaka ndoo yake kabla ya Jumapili, na tundu bado hajaliona.