Ngamia wa Pirates na Fleshi ya Saa Sita

Wanaotazama picha zangu za Mombasa huganda kwenye ile ya ngamia, kisha huniuliza kama nilipitiliza hadi Somalia. Wala. Ni Pirates, ndivyo watu wanavyouita ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, na ngamia wale wapo pale kila siku kubeba watoto kwa malipo.

Safari ya basi kutoka Moshi kupitia Holili, Taveta na Voi naiacha. Gesti siwezi kuiacha: shilingi 1,800 za Kenya kwa usiku, ambazo ukizigeuza ziwe za kwetu unatafuta kwanza pa kukaa, na feni inazunguka kwa kuhurumiwa. Nilikuwa naamka nimelowa, nikitoka kabla jua halijachomoza, maana nje angalau kulikuwa na upepo.

Alfajiri hizo ndizo zilizonipa ngome ya Fort Jesus. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 kwa mawe ya matumbawe, na jua la kwanza likiupiga ukuta wa upande wa bahari, kila tundu la jiwe linajitokeza na kivuli chake. Saa tatu hivi rangi imeshakufa, unabaki na ukuta tu. Mnara mweupe wa Msikiti wa Mandhry niliupata, na mtaa wa Ndia Kuu bado haujaamka. Zile sanamu za pembe za ndovu za Moi Avenue sikuzipata kabisa. Kila nikiinua kamera tuktuk inajipenyeza katikati. Kivukoni Likoni ndiko nilikotaka zaidi, ule umati unaoteremka feri kwa pamoja, lakini askari alinyoosha kidole kwenye begi langu kabla sijagusa zipu. Picha marufuku.

Basi nikaenda Pirates kupiga bahari. Maji yalikuwa yamekupwa, mashua zimelala ubavu mchangani, na jua limekaa utosini, saa ambayo sisi tuliojifunza kamera kwenye YouTube tumeambiwa tukalale. Nikakaa kungoja maji yajae. Akaja mama mmoja na watoto wanne waliovalia sare ya kitenge.

"Mpiga picha, moja ngapi?"

Sijafungua mdomo, kijana mwenye kizibao chenye namba, mpiga picha wa pale ufuoni, akawa ameshasimama kati yetu. "Kaka, hapa pana wenyewe." Wakaongezeka wengine watatu. Nikawaeleza kwamba mimi siuzi, napiga mandhari tu.

"Mandhari yanakulipa nini?"

Swali la haki, na sikuwa na jibu. Aliyeniokoa ni mzee wao, aliyekuwa chini ya mwavuli akifuta lenzi kwa pindo la shati. "Muacheni, mgeni huyu. Mwanangu, njoo kivulini, jua hilo litakuua bure."

Nikakaa naye hadi jioni, na bahari nikaisahau. Mzee yule anapiga fleshi saa sita mchana, jua likiwaka! Mwanzoni nilidhani amesahau kuizima. Akanionyesha: jua la utosini linachimba mashimo ya macho, uso wa mtu mweusi unabaki paji na pua tu. Fleshi kidogo inayajaza yale mashimo. Na mchanga mweupe unaidanganya kamera. Inaona mwanga mwingi, inajibana, mteja anatoka kama mkaa. Yeye huilazimisha ifunguke zaidi. Mbingu ikiungua, na iungue, hakuna aliyelipa kwa ajili ya mbingu.

Mtoto mdogo wa yule mama akapandishwa ngamia, akalia. Ngamia alipoinuka kwa miguu ya nyuma kwanza, mtoto akakaribia kumrukia mamake, na hapo hapo mzee akabonyeza. Nami nikabonyeza, hatua mbili nyuma yake. Kisha tukaenda kibandani kuichapa. Printa yenyewe ni ndogo, imeunganishwa na betri ya gari, na karatasi inaingia na kutoka mara nne. Mara ya kwanza unaona mzimu wa manjano, ya pili ngamia anapata damu, ya tatu inakuja buluu na bahari inatokea, ya mwisho ni utando wa kung'aa. Watoto walihesabu kwa sauti. Shilingi 100, mama akaipepea ingawa ilitoka ikiwa kavu.

Somo halikuwa la bure. Niliwanunulia kundi zima madafu, na muuzaji aliponisikia naongea Kibongo akapandisha bei palepale, wenyeji wangu wakitazama upande wa bahari.

Ndani ya basi la kurudi niliwaza jinsi sisi watu wa Moshi tunavyoishi chini ya Kilimanjaro, mlima unaowaleta Wajerumani na Wajapani, na nyumbani kwetu hakuna picha hata moja ya mtu wa familia na mlima nyuma yake. Mimi nimeupiga kila pembe, asubuhi na jioni mawingu yakifunguka, na fremu zangu zote hazina mtu. Mama alipoiona ile ya ngamia akasema na yeye anataka ya kwake, mlima nyuma, uso uonekane, na apewe mkononi, si kwenye simu. Nimeulizia printa ya namna ile Arusha. Wametaja laki sita, karatasi mbali.