gettid ilistahili kuingia glibc mapema zaidi

Katika Linux, programu ya kawaida haisomi diski wala kutuma data mtandaoni yenyewe. Huiomba keneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, iifanyie kazi hiyo. Kwenye prosesa za x86-64, ombi hilo, yaani wito wa mfumo, lina utaratibu usiobadilika: nambari ya wito huwekwa katika rejista (hifadhi ndogo ndani ya prosesa) ya rax, vigezo visivyozidi sita hupangwa katika rdi, rsi, rdx, r10, r8 na r9, kisha prosesa hupewa amri ya syscall. Jibu hurudi katika rax, na likiwa kati ya -4095 na -1, ujue wito umeshindikana. Anayeandika kwa lugha ya C haoni lolote kati ya hayo, kwa sababu glibc, maktaba ya kawaida ya C kwenye Linux, humpa funksheni kama write, ambayo hurudisha -1 wito ukishindikana na kuiacha nambari ya kosa katika kigeu kiitwacho errno.

Taabu huanza pale keneli inapokuwa na wito ambao maktaba haijauwekea funksheni. Mfano unaonigusa zaidi ni gettid, unaorudisha nambari ambayo keneli imeupa uzi (mkondo mmoja wa utekelezaji ndani ya programu) unaotekelezwa. Uliingia Linux katika toleo la 2.4.11, mwaka 2001. Glibc iliupokea katika toleo la 2.30, Agosti 2019. Nambari hiyo ndiyo inayoonekana ukiendesha top -H au ukifungua saraka ya task ndani ya /proc, kwa hiyo anayetaka kulinganisha kumbukumbu za matukio (log) za programu yenye nyuzi nyingi na hali halisi ya mashine hawezi kuikwepa, ilhali thamani ya pthread_self, kitambulisho cha uzi kinachotolewa na maktaba yenyewe, haimsaidii hapo.

Wasimamizi wa glibc walikuwa na sababu ya kusita. Funksheni ikishaingia katika maktaba haiondolewi kwa urahisi, na hawakutaka kuahidi kwamba uzi wa programu utabaki daima kuwa uzi mmoja wa keneli. Naiheshimu hoja hiyo, lakini siikubali, kwa kuwa NPTL, sehemu ya glibc inayoshughulikia nyuzi, ilikuwa ikifanya kazi hivyo hivyo tangu mwanzo, na kila aliyehitaji nambari hiyo aliipata kwa syscall(SYS_gettid), yaani kwa funksheni ya jumla ya glibc inayopitisha wito wowote kwa nambari yake.

Njia hiyo ya syscall ni ya hatari kuliko inavyoonekana. Kompaila haiwezi kukagua aina za vigezo vinavyopitishwa, na tofauti za prosesa humwangukia mwandishi wa programu. Chukua readahead kwenye ARM ya biti 32: kigezo cha biti 64 ni lazima kianzie katika rejista yenye nambari shufwa, hivyo ni juu ya mwandishi kuchomeka sifuri baada ya kigezo cha faili, kisha akigawe kigezo hicho cha biti 64 vipande viwili. Asipofanya hivyo, keneli itasoma vigezo visivyo mahali pake, na msimbo huohuo utafanya kazi vizuri kwenye x86-64.

Tena, maktaba inajua mambo ambayo keneli haiyajui. POSIX, kiwango cha mifumo ya aina ya Unix, inataka setuid ibadilishe kitambulisho cha mtumiaji cha mchakato mzima, lakini keneli ya Linux hubadilisha cha uzi ulioita tu. Glibc ndiyo inayozipelekea nyuzi nyingine ishara ili nazo zibadilike. Anayeita setuid moja kwa moja kupitia syscall huziacha nyuzi nyingine na mamlaka ya zamani, na hilo ni tundu la usalama. Kwa hiyo wito unaohitajika na wengi ukae ndani ya maktaba, mikononi mwa wanaojua mambo hayo, usiachwe kila mradi ujitengenezee wake.

Ucheleweshaji huo uliacha deni. Toleo la 2.30 lilipotoka, miradi iliyokuwa na funksheni yake tuli (static) iitwayo gettid ilikataa kukompailiwa, kwa sababu jina hilo sasa lilitangazwa pia na unistd.h, faili ya matangazo ya funksheni za maktaba. Ukilazimika kuandika funksheni ya namna hiyo leo, ipe jina linaloanza na jina la mradi wako, na tumia jina la wito linaloanza na SYS_ badala ya tarakimu: gettid ni 186 kwenye x86-64, lakini kwenye arm64 ni 178.