Nilivyolifuata bakuli moja Jingdezhen

Nilipokuwa mdogo tulipelekwa kuyaona makaburi ya Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam, yale ya karne ya 18 yenye nguzo ndefu. Nguzo zenyewe sikuzijali sana. Kilichonikaa kichwani ni matundu ya mviringo kwenye chokaa, ya kina kifupi, yamepangana kama nyayo. Tukaambiwa humo yalikuwa yamepachikwa mabakuli ya Kichina, na mengi yalishabanduliwa zamani. Nikapitisha kidole ndani ya tundu moja. Tangu siku ile nilitaka kujua mabakuli yale yalikuwa yametengenezwaje hata yakastahili kuwekwa juu ya kaburi la mtu mkubwa.

Miaka ikapita, nikaja kusoma Nanchang, mji mkuu wa jimbo la Jiangxi. Jingdezhen iko katika jimbo hilohilo. Ndio mji ulioitengenezea China vyombo vya kauri kwa karne nyingi. Hata jina lake lilitokana na enzi ya Jingde ya mfalme Zhenzong wa nasaba ya Song, mwaka 1004. Likizo ya Oktoba ilipofika, ile ya siku 7, nikapanda treni nikiwa na nia moja tu: nimwone fundi akitengeneza bakuli, mwanzo hadi mwisho.

Siku ya kwanza niliipoteza. Dereva wa teksi alinishusha kwenye jengo kubwa la mauzo, na humo mzee mmoja akazungusha udongo kwenye gurudumu kwa dakika chache, watu wakapiga picha, kisha akaukandamiza tena ukawa bonge, akaanza upya kwa ajili ya kundi lililofuata. Hakuna chombo kilichotoka pale. Nilirudi kulala nimeumia moyo, maana ningeweza kuyaona yale kwenye simu bila kutoka kitandani.

Asubuhi yake nikiwa nimesimama kwenye kichochoro, akapita mtu anavuta mkokoteni mwembamba wenye mbao ndefu, na juu ya mbao mabakuli mabichi, meupe weupe wa unga, hayajaona moto. Alikuwa anakwepa kila jiwe barabarani. Nikamfuata. Kama unakwenda Jingdezhen na hujui mtu, huo ndio ushauri wangu: usifuate mabango, fuata vyombo vibichi. Lazima vinatoka mahali na vinakwenda mahali. Vya huyu bwana vilikuwa vinakwenda kwenye tanuri la kukodi, ambako karakana ndogo zisizo na moto wao wenyewe hulipia nafasi kulingana na ukubwa wa chombo. Alipomaliza kupakua nikamsalimia kwa Kichina changu cha darasani, nikamwita Shifu, ndivyo fundi anavyoitwa kwa heshima, nikamwomba anipeleke alikotoka.

Karakana yenyewe ilikuwa chumba kirefu chenye ua wazi mbele. Bwana wa mkokoteni akanieleza kwa mkubwa wake, mzee mwenye aproni iliyokauka udongo hadi ikasimama yenyewe.

"Shifu, sitaki kununua wala kupiga kelele. Naomba nikae niangalie bakuli moja mpaka litoke motoni."

"Tongxue, utachoka," akasema. Hapo aliniita mwanafunzi, kama wanavyoita wanafunzi wote. "Bakuli halina haraka."

Nikamwambia nina siku tano. Akachukua bonge la udongo, akaliweka mbele yangu. "Hili ndilo lako. Shika."

Nikalishika, nikashangaa. Nilizoea udongo wa ufinyanzi, ule wenye uzito na harufu ya mvua. Huu ulikuwa laini kama unga wa ngano uliokandwa, mweupe, hauna harufu. Akanieleza kuwa sehemu kubwa yake si udongo, ni jiwe. Jiwe la milimani hapa hupondwa kwa nyundo za mbao zinazoendeshwa na maji ya kijito, likawa unga, likachujwa majini, likakaushwa kwa umbo la vitofali vyeupe. Halafu linachanganywa na udongo mweupe wa kaolini, ambao jina lake hilo tunalolitumia dunia nzima limetoka kwenye kijiji cha Gaoling, nje ya mji huu. Padri Mfaransa François Xavier d'Entrecolles, aliyeandika barua kuhusu kauri ya Jingdezhen mwaka 1712, alieleza kwamba kaolini ndiyo mifupa ya chombo na jiwe ndiyo nyama. Jiwe huyeyuka motoni na kugandamana kama kioo. Kaolini huzuia chombo kisilegee na kuanguka wakati jiwe linayeyuka. Ukikosa kimoja, huna kauri.

Gurudumu nililipitia haraka, na hata fundi alilipitia haraka. Dakika mbili, bakuli likawa limesimama. Nililitazama nikahuzunika kidogo: lilikuwa nene na zito, kitako chake kama gogo. Nilikuwa nimetarajia uzuri utokee pale, mikononi mwake, na haukutokea. Akalikata kwa uzi, akaliweka mwisho wa ubao. Kwa sindano nikachora alama ndogo kwenye kitako ili nisilipoteze kati ya wenzake.

Kesho yake, lilipokuwa limenyauka kidogo, likafunikwa juu ya kalibu ya udongo mfano wa kifuu, akalipigapiga kwa viganja huku analizungusha mpaka umbo likawa sawa na ya wenzake. Kisha likarudi kwenye ubao, ubao ukatolewa juani. Oktoba kule jua ni kali lakini si la kuchoma, na hilo lilinisaidia. Mzee aliniambia wakati wa masika hali ya hewa inaweza kumsimamisha kazi siku kadhaa.

Siku ya tatu karakanani ndipo nilipoelewa nilichofuata. Alikuja fundi mwingine, mwembamba, kimya, na mfuko wa visu vya chuma vilivyopindwa ncha, alivyovinoa mwenyewe kwa tupa kabla hajagusa chombo chochote. Huyu kazi yake ni kukwangua tu. Akavaa barakoa, akanipa na mimi moja, maana vumbi la jiwe hili likiingia mapafuni halitoki, na mafundi wa zamani wengi liliwaua polepole. Akaliweka bakuli kichwa chini juu ya gurudumu, akalizungusha, akagusa kwa kisu.

Udongo ukatoka kama utepe, kisha ukawa vumbi. Alikuwa hatazami kisu. Alikuwa ameinamisha kichwa upande, anasikiliza. Kila baada ya muda anasimamisha gurudumu, anadonoa bakuli kwa ukucha, anasikiliza tena. Sauti ya kwanza ilikuwa nzito, kama kugonga mlango wa mbao. Ikapanda. Ikapanda tena. Alinipa nijaribu kusikia tofauti kati ya ubavu mmoja na mwingine, na kwa kweli niliisikia: upande mmoja ulikuwa na sauti ya chini zaidi, maana yake bado nene. Akapitisha kisu mara moja pale, pumzi moja, sauti zikalingana. Alipoliinua kuelekea jua, niliona kivuli cha vidole vyake kupitia ubavu wa bakuli. Chini ya gurudumu kulikuwa na rundo la vumbi ambalo asubuhi lilikuwa sehemu ya lile gogo.

Nilikaa pale saa nne nzima. Watu wote wanaokuja kutazama kauri wanatazama gurudumu, kwa sababu gurudumu linavutia, udongo unapanda kama muujiza. Mimi naona anayetaka kuelewa akae karibu na mtu wa kisu. Bakuli zuri tayari limo ndani ya lile gogo, na ni yeye anayejua asimame wapi. Akizidisha unene wa karatasi, ametoboa kazi ya watu wote waliomtangulia. Mwandishi wa Kichina Song Yingxing aliandika kwenye kitabu chake cha mwaka 1637 kwamba chombo kimoja hupita mikono 72 mpaka kikamilike. Niliisoma namba hiyo zamani, nikaipita tu. Siku ile nilianza kuihesabu.

Mchoraji alikuwa mama wa makamo, mezani dirishani. Kwanza akapangusa bakuli kwa brashi pana yenye maji kuondoa vumbi, ndipo akachora. Nilitegemea buluu, nikaona kijivu, karibu nyeusi. Ni kobalti, madini ya kutia rangi, akasema, buluu yake imelala, moto ndio unaiamsha. Chombo kikavu kinanyonya maji papo hapo, kwa hiyo mstari ukishawekwa haufutiki. Yeye anachora mistari tu; kujaza rangi ndani ya mistari ni kazi ya mwenzake, ambaye anatumia brashi nono iliyoshiba, analisukuma tone la rangi bila brashi yenyewe kugusa udongo.

Baadaye bakuli likachovywa kwenye gilezi, ule uji wa jiwe lililosagwa na majivu ambao motoni hugeuka kioo. Mchoro wote ukapotea chini ya weupe. Kwa vyombo vikubwa hawachovyi. Wanapuliza gilezi kwa mdomo kupitia kipande cha mwanzi kilichofungwa shashi, matone madogomadogo, tena na tena. Halafu mtu wa kisu akaligeuza bakuli, akaanza kuchimba kitako. Nikapiga ukelele. Alama yangu! Ilikwenda yote pamoja na gogo, ikawa vumbi. Sikujua kwamba kitako huachwa kizima mpaka mwisho ili mafundi wapate pa kushika.

Mzee akaja kuona kuna nini. Alipoelewa, akanipa brashi nyembamba na kobalti kidogo, akanionyesha ndani ya duara la kitako. Andika chako hapa. Nikaandika "kauri", kwa mkono unaotetemeka. Neno letu hilo ni la gamba la baharini linalong'aa, na ni la chombo hiki pia. Nao Waitaliano, walipokiita porcellana, walikifananisha na gamba lilelile. Akaniuliza maana, nikamweleza, akapaka gilezi juu yake.

Siku ya nne, nikisubiri zamu ya tanuri, nilikwenda kwenye makumbusho ya matanuri ya kale, magharibi ya mji. Nenda, ila nenda baada ya karakana, utayaelewa vizuri zaidi. Pale gurudumu bado linasukumwa kwa fimbo, na kuna tanuri la kuni lenye umbo la yai lililolazwa, ndani unaweza kusimama. Vyombo havikuwekwa motoni wazi: kila kimoja kilifungiwa ndani ya kasha la udongo mkavu ili majivu ya msonobari yasikiangukie. Joto linafika karibu nyuzi 1,300 za Selsiasi, na hapakuwa na kipimajoto. Mkuu wa tanuri alitazama rangi ya moto. Nikaelezwa pia kuwa alitema mate kupitia tundu na kusoma jinsi yanavyotoweka.

Bakuli langu lilichomwa kwa gesi, kama vilivyo vyombo vingi vya mji huo sasa. Tulilipeleka kwa mkokoteni uleule, safari hii mimi ndiye niliyetembea mbele kuangalia mashimo. Lilichomwa usiku, likaachwa lipoe. Alasiri iliyofuata mlango ukafunguliwa, hewa ya moto ikatupiga usoni, na rafu zikavutwa nje. Sikulitambua. Lilikuwa limepungua, maana kauri hunywea motoni karibu moja ya sita ya ukubwa wake. Na kile kijivu kilikuwa buluu, buluu yenye kina, imekaa chini ya kioo kama kitu kilichozama majini.

Rafu nzima ilikuwa na vitatu vilivyopasuka. Mzee hakusema kitu, aliviweka pembeni. Langu alilidonoa kwa ukucha. Likalia kama kengele ndogo, sauti ikakaa hewani. Akanipa. Lilikuwa bado la moto kidogo. Nikaligeuza, nikapitisha kidole kwenye ukingo wa kitako, sehemu pekee isiyo na gilezi, inayokwaruza kidogo. Ndani ya duara, herufi tano za buluu, ndogo kuliko nilivyoziandika.