Choroko ndani ya chupa ya chai: siku moja ya mwanachuo asiyekula nyama

Saa 11:30 alfajiri. Hata sijapiga mswaki, gesi imeshawaka. Choroko nililoloweka jana usiku nalichemsha dakika kumi, kisha nalimimina likiwa bado linatokota ndani ya chupa ya chai na kuikaza kifuniko. Chupa huwa nimeipasha kwanza kwa maji ya moto, la sivyo inameza joto lote. Choroko litajimalizia kuiva nikiwa darasani. Hapa geto, Changanyikeni, Dar es Salaam, mboga ni rahisi. Mtungi wa gesi wa kilo 6 ndio unaomaliza boom, yaani pesa ya mkopo ya kujikimu.

Maharage sithubutu kuyafanyia hivyo. Yana sumu, hasa yale mekundu, na haiondoki mpaka yachemke kwelikweli. Nayapika Jumamosi kwa mkaa, sufuria kubwa, nayagawa kwenye vifuko na mama mwenye nyumba ananigandishia kwenye friji lake.

Saa 12:15. Uji wa ulezi wenye karanga za kusaga na ndimu. Pamoja nao nameza kidonge cha vitamini B12, maana mimea hainipi vitamini hiyo. Asiyekula nyama, samaki, mayai wala maziwa asidanganywe kwamba mchicha unatosha kwa kila kitu.

Saa 4 asubuhi, kati ya vipindi viwili. Vitumbua kwa kawaida ni mchele na nazi, sina wasiwasi navyo. Kwenye maandazi ndipo nauliza, "Dada, umekandia maziwa?" Akisitasita, nachukua mhogo wa kukaanga na kachumbari.

Saa 7 mchana. Kwa mama ntilie kuna foleni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Leo nyama imelainika."

"Nipe wali maharage, mama. Mchuzi wa nyama usinimwagie."

"Kidogo tu, unoge!"

"Hata kidogo, mama."

"Haya, Msabato wangu. Nikuongeze mchicha?"

Si Msabato, lakini nimeacha kubishana, hasa mchicha ukiongezwa bure. Kwa shilingi 2,000 nimeshiba. Kwa Waswahili wengi mchuzi hauhesabiwi kuwa nyama, kwa hiyo maneno hayo lazima uyaseme kabla upawa haujanyanyuliwa. Chai ya rangi nanywa baadaye sana, kwa sababu ukiinywa pamoja na chakula inauzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mboga.

Mchana wote maktaba. Ndizi mbili, karanga, basi.

Saa 12 jioni napita gengeni: fungu la matembele, nyanya tatu, nazi moja. Nazi zikipanda bei namwachia muuzaji nazi zake, naunga kwa karanga za kusaga. Wengine watanibishia, lakini matembele ya karanga mimi nayaona matamu kuliko ya nazi.

Saa 1 usiku nafungua chupa. Choroko limepasuka, laini. Nakaanga kitunguu na nyanya, bizari kidogo, namwaga choroko, tui zito linaingia mwisho na halichemki zaidi ya mara moja. Matembele yanaiva huku nikikuna nazi iliyobaki. Ugali ukishasongwa, tangu nimewasha jiko haijafika nusu saa. Kisha ndimu juu ya matembele: uchachu wake unausaidia mwili kuyapata yale madini ya chuma.

Mwenzangu wa chumba anakula sahani hiyo hiyo, kisha anajiongezea dagaa wake pembeni. Hatugombani. Leo anataka kujua kama chapati za maji zinashikana bila yai. Zinashikana: rojo liwe zito kidogo, likae dakika ishirini kabla ya kupika, na ile ya kwanza asiigeuze mpaka kingo zinyanyuke zenyewe. Amesema atapika kesho asubuhi. Unga ni wangu, mafuta yake.